TIMBOROA: KILELE AMBAPO LORI HUKAGULIWA KABLA YA KUSHUKA

Nchi yetu ya Uganda haina bahari. Ngano, chuma, dawa, nguo na vipuri vya mashine vitokavyo ng'ambo, sehemu kubwa ya vitu hivyo hushushwa katika bandari ya Mombasa na kupandishwa bara kwa safari ya zaidi ya kilometa 1,100 hadi Kampala. Nayo kahawa yetu hupita njia hiyo hiyo kwenda kupakiwa melini. Wengi wetu huijua njia hiyo kwa majina ya miji yake mikubwa: Jinja, Tororo, Eldoret, Nakuru na Nairobi. Lakini madereva wa malori mazito wana jina moja ambalo abiria wa basi la usiku hulipita akiwa usingizini. Jina hilo ni Timboroa.

Timboroa ni mji mdogo katika nchi jirani ya Kenya, baina ya Eldoret na Nakuru, karibu na mstari wa Ikweta. Umekaa juu sana, zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, yaani zaidi ya mara mbili ya kimo cha Kampala. Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilipitishwa hapo, na stesheni yake ilipata sifa ya kuwa miongoni mwa zilizo juu kabisa katika nchi zote zilizotawaliwa na Waingereza. Mgeni atokaye Kampala atashangaa kuona watu wamevaa makoti mazito na kofia za sufi saa sita mchana, na moshi wa kuni ukitambaa chini kwa sababu ya baridi. Kwa dereva, hata hivyo, jambo kubwa la Timboroa si baridi. Kubwa ni kwamba, kwa anayekwenda pwani, hapo ndipo kupanda kunapokwisha na kushuka kunapoanza.

Mimi ni mtumishi wa serikali, niliyesomea ualimu, na kazi yangu ya kila siku ni ya mezani. Lakini shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ni dereva wa lori la trela lipelekalo kahawa Mombasa. Katika likizo yangu, kwa ruhusa ya mwenye gari, nilifuatana naye hadi Nakuru. Yale niliyoyaona kileleni Timboroa nayaandika hapa, kwa kuwa yanawahusu askari wanaosafiri kwa magari mazito, polisi wanaoyasimamisha, na sisi sote ambao jamaa zetu wamo barabarani.

KUPANDA KUTOKA MALABA

Lori letu lilikuwa na magunia 400 ya kahawa, kila gunia kilo 60, yaani tani 24 za mzigo. Ukiongeza uzito wa gari lenyewe na trela yake, jumla ilikaribia tani 38. Uzito huo si wa ajabu katika njia ile. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaruhusu gari lenye ekseli 7 kufikia tani 56, na njiani kuna mizani kadhaa za kuhakikisha kwamba mpaka huo hauvukwi.

Tulilala Malaba, mpakani. Alfajiri, kabla ya chai, shemeji yangu na utingo wake walilizunguka gari. Askari wa jeshi watalitambua zoezi hilo mara moja, kwa maana jeshini nako gari hukaguliwa kabla ya kuondoka, hukaguliwa kituoni, na hukaguliwa tena jioni baada ya kazi. Utingo alishika kipande cha chuma, akawa anagonga tairi moja baada ya jingine. Tairi lililojaa upepo hurudisha chuma kwa mlio mkali. Lililopungua hutoa sauti nzito, kama mtu anayegonga gunia la unga. Kugonga huko ni muhimu zaidi kwa matairi yaliyopangwa mawili mawili, kwa sababu moja likiisha upepo, jingine hulibeba, na kwa macho huwezi kutambua upesi. Lile lililobaki hubeba mzigo wa wawili, hupata moto, na mwishowe hupasuka.

Kisha waliangalia nati za magurudumu. Nati iliyolegea hujitangaza yenyewe: kutoka kwake huteremka mstari wa kutu, kama chozi lililokauka shavuni. Waliangalia majani ya springi kama mojawapo limevunjika au limesogea mahali pake. Waliangalia sahani ya kuunganishia trela kama imefunga sawasawa na kama ina grisi ya kutosha. Waliangalia mipira miwili ya upepo itokayo kwenye kichwa cha lori kwenda kwenye trela, mmoja mwekundu na mwingine wa manjano, wasije wakakuta umechubuka kwa kusugua chuma. Walifungua pia vali ndogo chini ya matangi ya upepo ili maji yatoke. Kompresa inaposukuma hewa, unyevu huingia pamoja nayo na kukaa chini ya tangi. Maji yakiachwa hula chuma na kuharibu vali za breki. Na ukiona mafuta mengi yametoka pamoja na maji hayo, ujue kompresa yenyewe imeanza kuchoka.

Kazi hiyo yote ilichukua muda usiozidi nusu saa. Baada yake ndipo tukanywa chai, tukavuka mpaka na kushika njia ya Bungoma, Webuye na Turbo. Eldoret tuliipita mchana, nayo iko kwenye mita zipatazo 2,100. Kutoka hapo barabara huendelea kupanda kupitia Burnt Forest, nchi ya mahindi, viazi na ng'ombe wa maziwa, hadi injini ikaanza kunguruma kwa gia ndogo na ukungu ukashuka kwenye kioo. Saa kumi alasiri tulifika Timboroa.

MOTO UNAOZALIWA MTEREMKONI

Kabla sijaeleza yaliyotupata, yafaa msomaji aelewe kwa nini dereva mwenye akili husimama kileleni hata kama gari lake limepanda vizuri.

Kutoka Timboroa hadi Nakuru, barabara huteremka karibu mita 900, kwa mwendo usiofika kilometa 100. Lori linapoteremka, uzito wake hulisukuma mbele, na ili lisikimbie ni lazima nguvu hiyo imezwe na kitu fulani. Ikiachiwa breki peke yake, nguvu hiyo hugeuka kuwa moto katika dramu za breki. Nilipiga hesabu kama nilivyozoea kuwafundisha watoto: tani 38 zinazoshuka mita 900 hutoa nguvu inayoweza kuchemsha maji baridi kiasi cha lita 1,000, yaani madebe 50 yaliyojaa. Ni kweli kwamba upepo na msuguano wa matairi hula sehemu ya nguvu hiyo, lakini sehemu inayobaki ni kubwa. Mama wa nyumbani anajua debe moja huchukua kuni kiasi gani. Fikiria moto wa madebe hayo ukitafuta mahali pa kukaa chini ya lori moja.

Dramu ni chungu cha chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili vya breki vilivyopigiliwa lainingi kwa ribiti. Dereva akikanyaga breki, upepo huingia katika chemba, husukuma kijiti cha chuma, kijiti hugeuza mkono uitwao ajasta, nao mkono huo huvitanua viatu mpaka lainingi ziibane dramu. Dramu ikipata moto mwingi, hutanuka na kujitenga na viatu, hivyo kijiti hulazimika kwenda mbali zaidi. Lainingi nazo zikiungua hupoteza mshiko. Dereva hukanyaga, na gari haliitiki. Hukanyaga tena, na gari linazidi kukimbia. Hapo hakuna fundi, na sala yenyewe husaliwa kwa haraka.

Ndiyo sababu mteremko hushukwa kwa gia ndogo, injini ikiwa ndiyo inayolizuia lori, na breki ikitumiwa kwa vipindi: kukanyaga kwa nguvu mpaka mwendo upungue, kisha kuachia ipoe. Gia hiyo huchaguliwa juu, kabla ya kushuka, kwa kuwa lori likishashika kasi huenda gia ndogo isiingie tena. Kuna madereva ambao, ili kuokoa dizeli, hutoa gia kabisa na kuliacha lori lijiendee. Wao wenyewe huita kushuka "frii". Dizeli inayookolewa kwa namna hiyo haijazi hata kidumu kidogo.

KARAKANA YA MZEE

Kando ya barabara, nyuma ya safu ya vibanda vya viazi na kabichi, palikuwa na uwanja uliotapakaa mafuta meusi. Hakukuwa na paa ila kipande cha bati, wala mashine ila jeki mbili kubwa, sanduku la spana na tanuri dogo. Fundi wake alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, koti lake limegeuka rangi kwa grisi. Madereva wote walimwita Mzee, nami simtaji zaidi ya hapo.

Shemeji yangu alimsalimu, "Shikamoo Mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Mna nini leo?"

"Kahawa, Mzee. Tunashuka."

"Basi weka kabari."

Utingo aliweka kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu. Tangi za upepo zilijazwa mpaka mshale wa geji ukasimama, injini ikazimwa, breki ya kuegeshea ikaachiwa, na utingo akakaa kwenye usukani. Mzee alisikiliza kwanza. Alimwamuru utingo akanyage breki na asiachie. Kama kuna mpira au chemba inayovuja, wakati huo ndipo husikika mluzi mwembamba, na mshale wa geji huanza kuteremka. Pale alipotilia shaka alipaka maji ya sabuni kwa kitambaa. Mapovu yangetokea, angejua. Hayakutokea.

Kisha aliingia chini ya trela na kipande cha chaki. Kwenye kila chemba alichora mstari juu ya kile kijiti, pale kinapotokea. "Kanyaga!" Kijiti kilitoka. Alipima umbali wa mstari kwa rula fupi ya chuma. "Achia!" Akaenda kwenye gurudumu la pili. Alinieleza kwamba kwa chemba nyingi za malori, kijiti kinachotoka kwa sentimeta 5 kimefika mpaka wa hatari, kwa maana nafasi iliyobaki ni ndogo, na dramu ikitanuka kwa moto nafasi hiyo itakwisha. Magurudumu mengi yalikuwa salama. Gurudumu la kushoto la ekseli ya katikati ya trela halikuwa salama. Kijiti chake kilivuka sentimeta 5.

Utingo, kijana mwepesi, alisema, "Mzee, kaza ajasta tu, twende."

Mzee alimtazama. "Ajasta hii hujikaza yenyewe. Ikishindwa kujikaza, kuna jambo ndani. Mtoto akilia usiku, humfungi mdomo, unatafuta kinachomuuma."

Alipiga jeki, akaweka magogo imara chini ya ekseli, kwa kuwa jeki peke yake haiaminiki. Halafu alichukua bolti ndefu, akaipenyeza nyuma ya chemba na kuikaza. Hapa naomba wasomaji wanaopenda kujifunza ufundi nyumbani wasikilize vizuri. Nyuma ya chemba ya namna hiyo mna springi kubwa iliyobanwa kwa nguvu nyingi. Upepo ukiisha, springi hiyo ndiyo inayoyafunga magurudumu gari lisikimbie. Mtu anayeifungua chemba hiyo bila kuifunga springi kwa bolti anaweza kuuawa nayo papo hapo. Si kazi ya kujaribia.

Gurudumu likatoka, habu ikatoka, dramu ikawekwa chini. Mzee aliifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, wala hakuipuliza, kwani vumbi la breki ni baya kwa mapafu. Akaitundika dramu kwenye mnyororo, akaigonga kwa nyundo ndogo. Akina mama wote wanaokwenda sokoni kununua chungu wanaifahamu kazi hiyo. Chungu kizima kikigongwa kwa kidole hulia kama kengele. Chenye ufa hujibu kwa sauti iliyokufa, hata kama ufa wenyewe hauonekani. Ile dramu ilijibu kwa sauti iliyokufa.

Tulipoichunguza kwa tochi tuliuona ufa, mwembamba kama unywele, umetoka ukingoni ukaingia ndani. Isitoshe, sili ya habu ilikuwa imechoka, grisi imevuja, na lainingi za viatu vyote viwili zilikuwa zimelowa. Lainingi iliyolowa grisi haibani. Huteleza, kama mkono wenye sabuni unaposhika samaki.

SIMU YA JIONI

Mzee aliandika mahitaji juu ya kipande cha boksi: dramu mbili, lainingi za magurudumu mawili, sili mbili. Nilimwuliza kwa nini vitu viwili ilhali kilichoharibika ni kimoja. Alijibu kwamba ekseli moja haiwezi kuwa na breki kali upande mmoja na dhaifu upande wa pili. Trela itavutwa upande mmoja, na kwenye kona itakwenda inakotaka yenyewe.

Vitu hivyo havikuwapo Timboroa. Vilipatikana Eldoret, kilometa zipatazo 60 nyuma yetu, navyo vingefika kesho yake asubuhi. Shemeji yangu alimpigia simu mwenye gari. Nilikuwa karibu, nikasikia maneno ya pande zote mbili.

Mwenye gari aliuliza kama lori linatembea. Akaambiwa linatembea. Akasema meli haingoji, na kwamba gurudumu moja kati ya mengi si kitu. Afunge breki ya gurudumu hilo, ashuke polepole, atengeneze Nakuru. Shemeji yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Mkubwa, lori ni lako, mzigo ni wa wenyewe, lakini shingo ni yangu, na walio barabarani ni watoto wa watu. Sishuki na dramu yenye ufa. Ukitaka, tuma dereva mwingine aje alichukue."

Kukawa kimya kirefu. Nilimwona shemeji yangu akitazama chini, kwa kuwa mtu mwenye watoto wanne na mshahara mmoja hasemi maneno hayo kwa wepesi. Madereva wasio na kazi ni wengi, na mwingine angeweza kupatikana kabla ya jua kutua. Hatimaye mwenye gari aliuliza bei. Baada ya saa moja fedha ziliingia kwa njia ya simu.

Usiku ule tulilala kwenye lori, tumejifunika kila tulichokuwa nacho. Tulikula viazi vya moto na nyama ya kondoo katika hoteli ya mabati, ambako madereva sita au saba walikuwa wakiota moto. Wengine walimcheka shemeji yangu kwa kupoteza siku. Mmoja, mtu mzima, hakucheka. Alisema tu, "Umefanya vema," akaendelea kula.

KAZI YA ASUBUHI

Vipuri vilifika kwa matatu saa tatu asubuhi. Mzee hakuvifunga mara moja. Aliangalia namba zilizopigwa ukingoni mwa lainingi, akahakikisha kwamba za kushoto na za kulia ni za namna moja, kwa kuwa lainingi za namna mbili hazishiki kwa nguvu sawa hata kama boksi zao zinafanana. Aliangalia kipimo kilichochongwa kwenye dramu, kinachoonyesha upana wa mwisho unaoruhusiwa. Dramu ikishakwanguliwa au kulika kupita hapo, ni ya kutupwa. Alizigonga dramu mpya zote mbili. Zililia vizuri, na uso wa Mzee ukakunjuka.

Ile dramu mbovu aliipiga kwa nyundo kubwa mpaka ikapasuka vipande. Nilimwuliza sababu. Alisema kipuri kibovu kikiachwa kizima, kesho kitapakwa rangi na kuuzwa kwa mtu mwingine. Ndugu wasomaji, sisi tunaonunua vipuri katika soko la Kisekka mjini Kampala, au katika maduka ya barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, tulikumbuke neno hilo. Tukibadilisha kipuri cha breki au cha usukani, kile cha zamani tukivunje wenyewe.

Mpaka saa saba mchana kazi ilikuwa imekwisha: sili mpya, beringi zimeoshwa na kupakwa grisi, lainingi zimepigiliwa, dramu zimefungwa. Alipima tena kwa chaki. Kijiti kilitoka kiasi cha kuridhisha. Tuliijaribu breki kwa mwendo mdogo mahali palipo tambarare, mara kadhaa, ili lainingi mpya zizoeane na dramu. Mzee aliagiza nati zikazwe tena baada ya kilometa 50, kwa sababu gurudumu lililotoka na kurudi hukaa vizuri baada ya kutembea kidogo. Alitoa pia onyo la mwisho: breki zikipata moto, msizimwagie maji, chuma cha dramu kikimwagiwa maji kikiwa cha moto hupasuka.

KUSHUKA HADI SALGAA

Tulishuka kwa gia ndogo, tukipitwa na kila gari. Kwenye Mau Summit barabara hugawanyika. Ya kulia huenda Kericho na Kisumu, ya kushoto ni yetu ya Nakuru.  Katika ile ya Kericho, mahali paitwapo Londiani Junction, jioni ya tarehe 30 Juni 2023, soko lilikuwa limejaa, na lori lililobeba kontena lilishindwa kusimama, likaingia katikati ya wafanyabiashara na magari ya abiria. Waliokufa walizidi 50. Wengi wao hawakuwa wasafiri. Walikuwa wamekaa na mafungu yao ya mboga.

Katika njia yetu, baada ya Mau Summit, huja Sachangwan. Hapo, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikimbilia kuchota petroli kwa ndoo na madumu, moto ukawaka, na zaidi ya 100 wakafa. Tangu bomba la mafuta lilipofikishwa Eldoret na Kisumu mwaka 1994, malori mengi ya mafuta ya Uganda hupakia huko bila kupita mteremko huu. Lakini funzo la Sachangwan ni letu pia, popote lori la mafuta linapoanguka. Mzazi amfundishe mtoto wake kwamba petroli iliyomwagika si riziki. Akimbie, asirudi.

Karibu na hapo tena, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana, wakafa watu 36 waliokuwa safarini siku ya mwisho wa mwaka. Baada ya msiba huo barabara ilipanuliwa na pande zake zikatenganishwa, ili wanaoshuka wasikutane na wanaopanda. Ni kazi njema. Lakini ukuta wa katikati ya barabara hauzibi ufa ulio ndani ya dramu.

Tulifika Salgaa jua likielekea kuzama. Salgaa ni kituo kikubwa cha malori. Hoteli, maduka ya vipuri na mafundi wa matairi wamejipanga pande zote. Utingo alikaza nati tena, kama alivyoagizwa. Nilizunguka nikasogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa. Joto lilikuwako, lakini lilikuwa sawa kila upande, na hakukuwa na harufu ya kuungua. Lori la jirani yetu lilikuwa likitoa moshi mweupe magurudumuni.

NENO KWA WASOMAJI

Tumezoea kusema kwamba ajali hutokea mteremkoni. Niliyoyaona yamenifundisha kwamba ajali nyingi za mteremkoni hupangwa juu, wakati mtu mmoja anajua ubaya wa gari na mtu mwingine anaamuru liondoke. Kukagua ni jambo jema, na mbinu zake si ngumu: sikio, nyundo, chaki, rula na maji ya sabuni. Lakini ukaguzi hauna maana yoyote ikiwa anayekagua hana haki ya kusema, "Gari hili lisiende." Fundi asiyesikilizwa ni sawa na fundi asiyekuwapo.

Askari wenzetu walioko jeshini, dereva wako akikuletea taarifa kwamba lori lina kasoro ya breki, msikilize kama unavyomsikiliza mlinzi anayesema ameona adui. Hakuna mkuu wa msafara aliyepungukiwa heshima kwa kulibakiza gari bovu. Ndugu zetu polisi wa usalama barabarani, kibandiko cha ukaguzi kilichoko kwenye kioo kinaeleza hali ya siku ile kilipobandikwa. Ufa wa jana hakiujui. Lori likisimamishwa juu ya kilima, dakika 5 za kupima breki zina faida kuliko nusu saa ya kusoma karatasi. Nanyi wenye magari, bei ya dramu mbili inaumiza, lakini mnaijua kabla ya kulipa. Bei ya dramu isiyonunuliwa hakuna aijuaye.

Neno la mwisho ni letu sisi wa nyumbani. Dereva hubanwa na mwenye gari, lakini pia hubanwa na simu zetu: mbona umechelewa, ada ya shule inadaiwa, mgeni amefika, sikukuu ni kesho. Shemeji yangu alipopiga simu nyumbani usiku ule wa baridi kusema kwamba hatafika kwa siku aliyoahidi, alikuwa tayari kulaumiwa. Mkewe alimwuliza swali moja tu, kama kipuri kimepatikana. Kisha akamwambia, "Tengeneza kwanza. Sisi tupo."

Tukijifunza kujibu hivyo, sisi nasi tutakuwa tumeshika upande mmoja wa spana.